Macho ya Mlinzi ni Urembo Tu

Mlinzi wangu ana macho mawili mazuri, na yote mawili ni urembo. Nimeyachora mwenyewe, nikayatia mboni, nikaongeza wekundu kidogo kwenye pembe ili aonekane amekesha. Hayaoni kitu. Ukiyafuta yote ukamwacha na uso mtupu, utendaji wake kazini hautapungua hata chembe. Kinachomwonesha dunia ni mstari mmoja usioonekana, unaotoka katikati ya kipaji cha uso wake, umenyooka, hauna unene wowote, unakwenda mpaka ugonge kitu. Ukigonga, unarudi na taarifa: nimegonga nini, mahali gani, na ubavu wa kitu hicho umeelekea wapi. Usipogonga, unarudi mikono mitupu. Wenye fani yao huita reikasti. Mimi nitasema kurusha mwale, maana ndivyo ninavyosema usiku nikiwa peke yangu na kompyuta, pamoja na maneno mengine ambayo mhariri hatayapitisha.

Mchezo wenyewe ni mdogo. Mtoto anaingia kwenye ua wa jirani, hapa Tanga, msimu wa maembe. Anachuma dodo nyingi awezavyo, kisha anatoka kabla hajakamatwa. Jirani ana mlinzi, na mlinzi ana kofia, rungu na filimbi. Nautengeneza kwa Godot, injini ya michezo isiyolipiwa iliyoanzishwa na Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na msimbo wake ukaachiwa umma mwaka 2014. Naitaja mapema ili nisije nikaisingizia. Katika yote nitakayosimulia, injini ilikuwa inatii neno kwa neno kile nilichoiambia, na hakuna mtumishi anayechosha kuliko huyo.

Mjaribu wangu mkuu ni mpwa wangu wa darasa la tano, ambaye hulipwa kwa soda na hasemi uongo hata ukimwongezea. Siku mlinzi alipoanza kuona, mpwa alimpitisha mwizi wake mbele kabisa ya pua ya mlinzi, polepole, embe mkononi. Mlinzi akamkodolea macho, asifanye lolote. Mwizi akakaribia geti. Mlinzi akageuka aendelee na doria, akampa mgongo, na hapo hapo filimbi ikalia.

“Mjomba,” mpwa akasema, “huyu anaona kwa kisogo.”

Mama yangu alikuwa pembeni anachambua mchele. Akainua uso, akatazama kioo cha kompyuta.

“Mwalimu huyo,” akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Sababu ilikuwa ya mapatano tu. Ndani ya Godot, mbele ni upande hasi wa mhimili wa zedi. Sanamu ya mlinzi nilikuwa nimeiingiza ikiwa katika muundo wa glTF, na kwa watu wa glTF uso wa sanamu hutazama upande chanya wa mhimili huohuo. Kila upande una mbele yake na hakuna aliyekosea, ila mlinzi wangu akawa anatazama baharini huku mawazo yake yako milimani. Dawa yake ni kuigeuza sanamu nyuzi 180 na kuuacha mwale ulivyo. Nikaigeuza. Mpwa akanuna, maana alishajifunza kuiba kwa kutazamana na mlinzi uso kwa uso, na ujuzi huo sasa ulikuwa hauna soko.

Baada ya hapo mlinzi akawa kipofu kabisa. Mbele, nyuma, pembeni, hakuna. Mwizi akicheza ngoma mbele yake, kimya. Nikauambia mwale uwe unaandika jina la kila kitu unachokigonga. Fizikia ya Godot, usipoibadilisha, hupiga hatua 60 kila sekunde, na mwale huulizwa katika kila hatua. Dirisha la taarifa likajaa: Kofia. Kofia. Kofia. Kofia. Mara 60 kwa sekunde, bila kuchoka, bila kubadili mwandiko.

Kuna kitufe cha kuonesha maumbo yote ya mgongano wakati mchezo unaendelea, na miale yenyewe ikiwemo. Nikakiwasha, nikaona aibu yote hadharani. Mwale unatoka kwenye kipaji, unasafiri upana wa vidole vichache, unagonga ukingo wa kofia, safari inaishia hapo. Na ukiufikiria vizuri, mwale ulikuwa umejibu swali kama lilivyoulizwa. Kuna kitu mbele ya mlinzi? Kipo. Ni kofia.

Injini hii ina busara ya kumpuuza yule anayeubeba mwale, ili mlinzi asijione mwenyewe kila saa. Lakini kofia nilikuwa nimeipa mwili wake wa pekee, kwa sababu nilitaka jiwe la manati likimpata mlinzi, kofia idondoke chini ibiringike. Kitu cha kudondoka lazima kiwe na uraia wake. Kwa hiyo mwale ulimwacha mlinzi, kama ulivyofundishwa, ukamkamata kofia kama mtu baki. Ipo amri ya kuuambia mwale umpuuze fulani. Nikamwandika kofia. Kisha rungu, maana mlinzi alikuwa akilibeba begani. Kisha filimbi. Sharubu nilizifuta kabisa, kwa tahadhari, ingawa hazikuwa na mwili.

Huu wote unaweza kuonekana upuuzi wa vijana wa kompyuta, lakini una ukoo mkubwa. Euklide, yuleyule aliyetutesa kwa pembetatu, aliandika yapata miaka 300 kabla ya Kristo kitabu kuhusu kuona, na humo jicho ndilo linalorusha. Miale inatoka jichoni imenyooka, inakwenda kugonga vitu, na kinachogongwa ndicho kinachoonekana. Tena kati ya mwale na mwale kuna upenyo, na upenyo huo huzidi kupanuka kadiri miale inavyokwenda mbali. Kwa hesabu hiyo, sindano iliyokudondoka unaweza kuitazama hapo hapo sakafuni usiione, kwa kuwa imelala pale ambapo mwale haukutua. Ptolemayo baadaye aliukataa upenyo huo, akasema kinachotoka jichoni kimejaa na hakina mianya, ila naye bado alikuwa anarusha.

Aliyekuja kuugeuza mlango ni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufia Kairo yapata mwaka 1040. Katika Kitab al-Manazir alisema nuru ndiyo inayoingia jichoni, na moja ya hoja zake ni nyepesi hata mpwa wangu aliikubali: ukilitazama jua, jicho linauma. Kama jicho ndilo linalotoa, liumie kwa nini? Dunia yetu hii ikamfuata Ibn al-Haytham na haijajuta.

Michezo ya kompyuta imebaki kwa Euklide, na sababu yake ni bajeti. Ukitaka kuifuata nuru tangu kwenye jua, chembe kwa chembe, uone ni ipi itakayotua kwenye mboni ya mlinzi, utamaliza maisha ukihesabu nuru iliyoishia juu ya bati la jirani. Rahisi zaidi ni kuanzia jichoni. Arthur Appel wa IBM alifanya hivyo mwaka 1968, alipokuwa akiifundisha kompyuta kutia vivuli kwenye picha. Na wale waliokaa mbele ya Wolfenstein 3D mwaka 1992, wakihangaika ndani ya ile ngome, walikuwa wakila matunda hayohayo. Injini aliyoiandika John Carmack wa id Software ilirusha mwale mmoja kwa kila safu wima ya nukta za kioo. Mwale ukigonga ukuta karibu, safu inachorwa ndefu. Ukigonga mbali, fupi. Ngome nzima ilikuwa ramani bapa ya miraba, na kina chote tulichokiogopa kilikuwa hesabu ya umbali.

Basi nilipompa mlinzi macho ya Euklide sikujiona mshamba. Nilijiona msomi. Usomi huo ulidumu mpaka alipoanza kutazama Pemba.

Nieleze. Mwale wa doria ulikuwa umekaa sawa. Niliongeza mwale wa pili, wa kumlenga mwizi popote alipo: tafuta mwizi yuko wapi, elekeza mwale hapo, tazama kama kuna kitu kati. Mlinzi aliposimama karibu na kitovu cha ramani, mambo yalikwenda vizuri. Kadiri alivyosogea kwenye pembe ya ua, ndivyo mwale wake ulivyozidi kupotoka, hadi akiwa getini ulikuwa unapita juu ya ukuta, juu ya barabara, unaishia huko mashariki kwenye maji. Mwizi yuko kulia kwake, anakula embe. Yeye analinda Pemba.

Mwale katika Godot hupokea mahali pa kulenga kwa kuhesabu kutoka pale uliposimama wenyewe. Mimi nilikuwa naupa mahali pa mwizi kwa kuhesabu kutoka kitovu cha ramani. Ni kama yule mgeni anayekupigia simu kutoka stendi akiuliza nyumba iko wapi, nawe uliyekaa barazani unamjibu, “Iko kushoto,” ukimaanisha kushoto kwako. Mgeni atakwenda kushoto kwake, tena kwa utii, na jioni utamsikia yuko Pongwe. Ipo amri fupi ya kugeuza hesabu za uwanja ziwe hesabu za mwale, na nikiiona sasa kwenye skripti ya mtu mwingine huwa nafurahi kwa niaba yake.

Wanaoandikia Roblox wanaujua ugonjwa huu kwa sura nyingine. Kule mwale hupewa mwelekeo, na urefu wa mwelekeo huo ndio urefu wa mwale. Ukiupa mwelekeo wenye urefu wa moja, kama tulivyozoezwa darasani, mlinzi wako anaona umbali wa stadi moja, ambayo ni kama sentimita 28. Mlinzi wa aina hiyo humgundua mwizi kwa kumkanyaga.

Mlinzi alipoanza kulenga sawasawa, mpwa akagundua ukuta mfupi wa maua. Ni ukuta wa matofali, unafika kiunoni. Mwizi akasimama nyuma yake wima, kichwa na kifua viko wazi, akipunga mikono yote miwili. Mlinzi yuko hatua chache, kamwelekea, hana habari. Hapa ilinibidi niwashe tena kile kitufe cha aibu. Mahali pa mwizi, kwa hesabu ya kompyuta, ni nukta moja, na nukta hiyo niliiweka pale miguu inapogusa ardhi, kama wengi wafanyavyo. Mlinzi hakuwa anamtafuta mtu. Alikuwa anatafuta nyayo, na nyayo zilikuwa nyuma ya matofali. Ukiwa na mlinzi wa namna hii nyumbani, mwizi anaweza kuja na meza akaisukuma mbele yake hadi sebuleni.

Sasa mlinzi anarusha miale mitatu kwa kila mtu: kichwani, kifuani, magotini. Ukifika mmoja tu, ameona. Mpwa naye hakulala. Akajifunza kujibanza nyuma ya mnazi akitoa bega tu, maana bega halikuwa kwenye orodha. Nikamwambia hiyo ni sindano ya Euklide. Akasema Euklide ni mtu poa.

Miale mitatu si kitu kwa kompyuta ya leo, lakini nimelelewa na mama anayezima taa ya chumba ukiwa bado unatoka, kwa hiyo sirushi ovyo. Kwanza naangalia umbali: mwizi akiwa zaidi ya mita 15, mlinzi hana haja ya kujisumbua. Kisha pembe: je, mwizi yuko mbele au kisogoni? Hilo halihitaji mwale. Unachukua mwelekeo wa uso wa mlinzi na mwelekeo wa kwenda kwa mwizi, vyote vya urefu wa moja, unavizidisha kwa ile njia ya vekta, unapata kosaini ya pembe iliyo kati yao. Mlinzi wangu anaona nyuzi 60 kila upande, na kosaini ya 60 ni 0.5, kwa hiyo swali zima linakuwa: ni zaidi ya nusu? Ni mara ya kwanza kosaini kunifaa tangu kidato cha nne, na nilimpigia simu rafiki yangu niliyekuwa nakaa naye dawati moja kumjulisha. Hakuelewa kwa nini nampigia saa tano usiku. Ni baada ya maswali hayo mawili rahisi kupita ndipo mwale unaporushwa.

Mama alipoona mchezo umeanza kueleweka akatoa oda yake: ua gani huu hauna nguo kwenye kamba? Nikachora kamba, nikatundika kanga mbili. Akachukua kipanya, akampeleka mwizi nyuma ya kanga, akatulia. Filimbi ikalia. Kanga ilikuwa picha tu, haikuwa na umbo la mgongano, na mwale haujui picha. Ukikosa mwili wa kugonga unapita.

“Anaona mpaka ndani ya kanga?” Mama akauliza.

“Ni hitilafu ndogo, Mama.”

“Mfukuze kazi.”

Nilizipa kanga mwili jioni ileile. Kuna mambo hayasubiri wikiendi.

Lakini kisa ambacho familia bado inakiomba ni cha kuku. Katika injini hii kila kitu hukaa kwenye tabaka, na matabaka yako 32. Kuta niliziweka tabaka la 1, miti la 2, kuku la 3, wezi la 4. Kisha mwale unaupa kichujio, namba moja inayosema ni matabaka gani uyajali. Mwale wa doria, ule unaofagia kushoto na kulia mbele ya mlinzi, ulitakiwa ujali kuta, miti na wezi. Na chochote utakachokigonga kisicho ukuta wala mti, mlinzi akifuate hadi akikamate.

Kichujio hakihesabu kama binadamu anayehesabu maembe. Kila tabaka ni swichi, na thamani za swichi zinakwenda kwa kuzidishwa mara mbili. Tabaka la 1 thamani yake 1. La 2 thamani yake 2. Hapo unatabasamu, unaona mambo yako kama ulivyodhani, unaacha kusoma maelezo. La 3 thamani yake 4. La 4 thamani yake 8. Aliyebuni mtego huu hakuwa na nia mbaya, ndivyo namba za jozi zilivyo, lakini zile mbili za kwanza kulingana ni uchokozi. Nilijumlisha 1 na 2 na 4, nikapata 7, nikaenda zangu kula. Mwenye akili angejumlisha 1 na 2 na 8 akapata 11.

Niliporudi, mlinzi alikuwa anafukuza kuku. Si kwa utani. Kwa ari ambayo hajawahi kuionesha kwa mwizi. Kuku wangu nimewafundisha kukimbia mtu akiwakaribia, na ua hauna pa kutokea, kwa hiyo ilikuwa duara: mlinzi, kuku, mwembe, kisima, mlinzi, kuku. Filimbi haikati. Kofia ilishadondoka zamani. Na mwizi, ambaye kwa kichujio kile alikuwa haonekani kabisa, alikuwa akipita katikati yao kwenda na kurudi na maembe, kama mtu aliyeajiriwa. Mpwa alikuwa ameanguka chini kwa kicheko, akashindwa hata kushika kipanya. Mama alikuja kuangalia kelele, akakaa, hakuinuka tena hadi umeme ulipokatika.

“Mjomba,” mpwa akaniambia gizani, “usirekebishe.”

Nilirekebisha. Ila toleo lile nimelihifadhi kwenye folda yake, na linachezwa sikukuu.

Manati nayo ilikuja na kero yake. Mwizi anaweza kupiga embe lidondoke bila kupanda mti. Jiwe nililipa mwendo wa mita 60 kwa sekunde, na fizikia ina hatua 60 kwa sekunde, yaani mita moja kila hatua. Embe lina sentimita kumi na kitu. Sasa jiwe la kompyuta halisafiri, linahama: hatua hii liko mbele ya embe, hatua ijayo liko nyuma ya embe, na katikati halikuwa popote. Mpwa alilenga vizuri kabisa, akakosa kila embe, na mawe yote yakapenya ukuta wa nyumba ya jirani bila kuacha tundu. Dawa ni ileile. Kila hatua unarusha mwale mfupi tangu jiwe lilipokuwa hadi lilipo sasa, unauliza kama njiani kulikuwa na kitu. Michezo mingi ya bunduki haijisumbui hata na jiwe lenyewe. Inarusha mwale kutoka mdomo wa bunduki, na pale utakapogonga ndipo risasi ilipofika. Hakuna risasi. Watu wameuana miaka yote hii kwa maswali.

Kuona kulipokaa sawa ndipo nikagundua kwamba kuona si kufuatilia. Mwale hauna kumbukumbu. Kila hatua unaulizwa upya, nao unajibu upya, hauoni haya kujipinga. Mwizi akakimbia nyuma ya uzio wa fito, ule wenye nafasi kati ya fito na fito. Mlinzi akamwona, hakumwona, akamwona, hakumwona, na kwa kuwa nilimwambia apulize filimbi kila anapoanza kuona na anyamaze anapopoteza, filimbi ikaanza kupiga mdundo. Mpwa alikimbia huku na huko nyuma ya fito akitafuta spidi ya kuifanya ipige singeli. Akaipata.

Kwa hiyo mlinzi akapewa kumbukumbu, na nadhani ndiyo kazi pekee katika mchezo mzima ninayojivunia. Mwale ukimgonga mwizi, mahali hapo panaandikwa. Ukimkosa, mlinzi hachanganyikiwi mara moja. Anaendelea kuamini kwa sekunde mbili. Zikiisha, anakwenda pale alipomwona mara ya mwisho. Ni hila ya zamani katika michezo ya kunyemelea, na inaleta hisia ya ajabu. Ghafla mlinzi anaonekana anafikiri. Anamkimbilia mtu ambaye hayupo, anasimama, anageuka huku na huko, nawe uliyejibanza nyuma ya pipa unashika pumzi, ingawa unajua vizuri kabisa kwamba ndani ya kichwa chake kuna namba tatu na saa.

Mpwa alizigundua namba zile tatu haraka kuliko nilivyopenda. Alikuwa anajitokeza kisimani mara moja, anaonekana, anatoweka. Mlinzi anakimbilia kisimani, anafika, anasimama, kwa kuwa maelekezo yake yaliishia hapo. Mwembe uko upande wa pili. Mpwa anachuma bila haraka huku akiimba.

Mtaani kwetu kuna mlinzi wa kweli, mzee anayelinda ghala mkabala na nyumba. Nilimwona amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, nikasema nikachukue ushauri wa mtaalamu. Nilikuwa nimeuweka mchezo kwenye simu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, nikampa, nikamweleza. Akavaa miwani, akautazama muda mrefu bila kugusa.

“Huyu anatembea sana,” akasema. “Mlinzi hatembei hivi. Mlinzi anakaa.”

“Akikaa ataona vipi, mzee?”

“Anasikiliza.” Akaisogeza simu karibu na uso. “Na redio yake iko wapi?”

Nikasema redio bado. Akatikisa kichwa, akaandika kitu hewani kwa kidole, nadhani alikuwa ananitoa alama. Kisha akaanza kucheza, akiwa yeye ndiye mwizi. Sijawahi kuona mtu akiiba vile. Hakukimbia hata mara moja. Alisubiri mlinzi apite, akamfuata kwa nyuma hatua kwa hatua, nje ya zile nyuzi 60, kana kwamba kuna mtu alimnong’oneza kosaini. Alipita nyuma ya fito pale tu mlinzi alipotazama kisima. Kanga hakuzigusa. Kuku aliwapitia mbali. Alichuma mti mzima, dodo kwa dodo, akatoka getini, na filimbi haikulia.

“Mzee, umejulia wapi haya?”

“Miaka yote nimekaa hapa nawaangalia,” akasema, “unafikiri nilikuwa naangalia nini?”

Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akanirudishia simu.

“Haya, nimeyaiba yote. Sasa yanauzwa wapi?”

Soko sijalitengeneza.